Kilio cha Goweko

Mjukuu wangu Zuhura,

Marahaba. Bibi yako bado anakohoa, ila mahindi yamestawi. Umeuliza kwa nini sikukiandika kile kitabu.

Enzi za Ujamaa, nikiwa mwalimu kijana, nilikuwa nafuata njia ya misafara aliyopita mwandishi mmoja Mzungu wa zamani, ili niandike kitabu juu ya safari yake. Karibu na Goweko bibi kizee akaniambia, "Babu yangu alimbebea mizigo huyo Mzungu wako, hakurudi. Mama alimngoja mpaka akafa. Kitabu chake kinasema alizikwa wapi?"

Nikatafuta katika nakala niliyokuwa nayo mkobani. Kilisema tu kwamba mpagazi mmoja alifia njiani, akaachwa.

"Basi ndiye," akasema, akaangua kilio. Majirani wakaja mbio wakiuliza nani amekufa.

Nilikaa nao matanga, kisha nikarudi Tabora. Safari ya yule mwandishi sikuweza tena kuiandika.

Ubaki salama huko uliko.

Babu yako