Wameichukua Tena

Kabazi, Jumanne

Stima imepotea jioni nikikaanga sukuma, na bila kufikiria nikapiga kelele mlangoni kama marehemu baba: "Wameichukua tena!"

Zamani majirani wote walimjibu. Kila nyumba ilikuwa na tusi lake la kampuni ya stima, halafu watu wanacheka, mama anawasha koroboi, sisi watoto tunasogea jikoni kungoja hadithi.

Leo amejibu Mama Chebet peke yake, ng'ambo ya ua: "Akina nani? Si stima ni ya ushirika wetu siku hizi, na wewe uko kwa kamati?"

Nikavaa gambuti, nikaenda kuangalia transfoma. Naogopa hii kazi, kusema ukweli.

Njiani nikasikia mzee mmoja akiitukana kamati kutoka mlangoni kwake. Sauti ya baba kabisa. Nikasimama gizani, nikamwacha amalize.