Kamera ya Mbao Kwenye Barafu ya Mlima Kenya

Mama Akinyi,

Nakusalimu kutoka Mlima Kenya, vidole vikiwa vikavu kama omena. Asubuhi nyasi zote zilikuwa nyeupe kwa barafu. Mwalimu wa kwaya yetu akaanza tena: "Bwana Picha, hilo sanduku la mbao ungeliacha nyumbani Kaloleni!" Nikalisimamisha kwa miguu yake mitatu. Nilipojifunika kitambaa cheusi, pumzi yangu ikaganda kwenye kioo cha nyuma cha kamera, nisione mtu. Nikapangusa, ikaganda tena. Waimbaji wanatetemeka, wanataka kurudi kwenye chai. Basi ile amri ninayowapa wateja kila siku, "Usipumue!", nikajipa mwenyewe. Kioo kikabaki safi. Nikawapigia kelele na wao: "Msipumue!" Nikafungua lenzi.

Dawa ya kuoshea picha niliificha tumboni, ndani ya sweta uliyonifumia, ikabaki na joto la Kisumu. Picha imetoka, mama! Kila uso unaonekana, isipokuwa wa mwalimu. Yeye alikuwa bado anaongea: iko tai yake, na juu ya tai ni wingu la mvuke tu.

Nichemshie maji ya kuoga. Nakuja nikiimba.

Baba Akinyi wako