Mstari wa Dagaa

Jumatano, jioni. Mawingu yameshinda juu ya ziwa tangu asubuhi, mvua hainyeshi wala haiondoki. Na mimi niko hivyo hivyo. Nakaa, nasimama, nachungulia nje, nakaa tena.

Ijumaa napanda basi kwenda Dar kwenye mchujo wa timu ya taifa ya karate. Kwa uzito wangu anachukuliwa mmoja tu. Nikikosa, umri wangu hautangoja mchujo mwingine. Nalisema hapa kwa sababu nyumbani silisemi.

Ninachokiogopa si mpinzani. Ni mstari.

Mara ya mwisho nilipopigana nje ya nchi, nilikuwa naongoza. Mtangazaji alishindwa hata kutamka jina langu, nikajiambia leo atalijua. Kisha nikawa narudi nyuma, natoka nje ya uwanja, naonywa, natoka tena, mpaka mwamuzi akaniondoa. Sisi mkeka hatuna. Tunachora uwanja kwa kijiti hapa ufukweni, na tukirukaruka kidogo tu mstari umefutika. Nimekua nikipigana mahali pasipo na mwisho.

Shangazi yangu anaanika dagaa pale pale tunapofanyia mazoezi. Jana nilipomwamkia aliniuliza mbona nimenuna, nikamweleza. Karate haijui, anaiita kurushiana mateke, ila alinisikiliza hadi mwisho.

"Basi kesho nitaanika dagaa zangu hapo kwenye mstari wenu, pande zote," alisema. "Tuone kama utamkanyagia shangazi yako."

Na kweli leo akawaanika. Huku kwetu hata mtoto anayejifunza kutembea anajua kuzunguka dagaa wa watu. Nikapigana na Kulwa, mwenzangu wa mazoezi, mtu mzito anayesukuma kama ng'ombe wa plau. Alinipeleka pembeni, nikagoma, nikamrudishia ngumi ya tumbo. Akanipeleka tena, nikagoma tena. Jamani, nilifurahi! Kwa mara ya kwanza niliuhisi mstari mgongoni bila kuutazama.

Tulipomaliza, shangazi alikuwa anakusanya dagaa wake, bado wabichi kwa kukosa jua. Akaniambia nimefanya vizuri, niende nikapumzike. Nikavaa soksi na raba bila hata kunawa, nikaja nyumbani nikiimba.

Sasa nimekaa uani, nimevua raba na soksi nioshe miguu. Kwenye kisigino cha kulia amenata dagaa mmoja, amepondeka kichwa.

Kumbe nilitoka.

Nimemtazama huyu dagaa mpaka maji yamepoa. Mimi sikuhisi kitu. Shangazi aliona, nina hakika aliona, dagaa wake anawajua. Akaninyamazia kwa sababu ananipenda. Mwamuzi wa Dar hana sababu ya kunipenda.

Kesho asubuhi nitarudi kumwomba awaanike tena, mvua isiponyesha. Na nikikanyaga, anigombeze pale pale, kama anavyowagombeza watoto wa wenzake.