Sauti Yangu Imemwondoa Bibi Evelina Kwenye Kinanda

Mpendwa Shangazi Hadiya, shikamoo. Naomba unisaidie, kwa sababu jambo hili siwezi kumwambia mtu ana kwa ana, mimi nikisimama mbele ya watu maneno yote hunikimbia, lakini kwa kuandika naweza.

Niko kidato cha tatu, tunakaa Buswelu, na ninaimba sauti ya pili kwenye kwaya ya kanisani kwetu. Mwaka jana kwaya ilipata sintesaiza, kinanda cha umeme chenye vifundo vingi vya kuzungusha ambavyo hakuna aliyevigusa, maana Mzee Chenge, mwenyekiti wetu, alibandika utepe mweupe juu ya vitufe vinne akaandika kwa kalamu nene IBADA, HARUSI, MSIBA na SADAKA, akasema hivyo vinamtosha Mkristo maisha yake yote. Kazi yangu ni kukifuta vumbi Jumamosi mchana kabla ya mazoezi, na ndani ya boksi lake nilikuta kitabu cha maelekezo, kurasa mia moja na kumi na mbili za Kiingereza kigumu, nikakiazima, nikakisoma na kamusi wiki tatu, na Shangazi, sijawahi kusoma kitabu kitamu namna ile.

Nilijifunza kwamba ndani ya kinanda kuna wimbi la polepole ambalo lenyewe halisikiki, kazi yake ni kutikisa vitu vingine tu, na wewe ndiye unayeamua litikise nini. Ukilielekeza kwenye kimo cha sauti, noti inatetemeka kama koo la mwimbaji, ukilielekeza kwenye chujio la sauti, sauti inafifia na kung'aa, inafifia na kung'aa, kama inapumua. Halafu unaweza kuweka kitu cha tatu kiliongoze hilo wimbi lenyewe! Mimi nilichukua uzito wa kidole nikauelekeza kwenye kasi ya wimbi, yaani ukikandamiza zaidi, pumzi inakwenda mbio zaidi. Nilianzia kwenye sauti ya Sadaka kwa sababu ni laini, nikavaa hedifoni, na ilipotokea nilicheka peke yangu mle kanisani, ilikuwa kama maji yanavyoingia na kutoka kati ya mawe ziwani kule Kayenze. Nikaihifadhi. Kinanda kikaniuliza kama nina uhakika, nikabonyeza ndiyo, nikidhani kinatunza nakala mpya pembeni, kumbe kimefuta Sadaka ya zamani na kuweka yangu mahali pake.

Sasa mpigaji wetu ni Bibi Evelina, ana miaka sabini na moja, alijifunza zamani Misungwi kwenye kinanda cha kukanyaga kwa miguu ambacho vibao vyake vilikuwa vigumu, kwa hiyo mpaka leo anakandamiza kama anasonga ugali wa watu thelathini. Jumapili iliyopita akabonyeza SADAKA, akaweka mikono, na kile ambacho kwa vidole vyangu kilipumua, kwake kililia kama mbuzi aliyepakiwa kwenye pikipiki. Watoto wakaanza kuruka, mama mmoja akapiga kigelegele, watu wakaenda kutoa sadaka huku wanacheza.

Baada ya ibada Mzee Chenge akamfuata. "Bibi, leo umekifanya nini hiki kinanda?"

"Nimebonyeza Sadaka, Chenge. Kama kimeokoka upya, kiulize chenyewe."

"Labda ni macho, Bibi."

"Macho yangu yanaona kitambi chako kabla hujaingia mlangoni."

Watu walicheka sana, lakini Jumatano hakuja mazoezini. Alituma ujumbe kwamba labda kweli mikono yake imechoka. Mzee Chenge akasema Jumapili ijayo atatangaza kwamba Bibi anapumzika na kinanda nitapiga mimi, kwa sababu nina vidole vyepesi. Shangazi, kupiga kinanda nakutaka kuliko kufaulu fizikia. Nikinyamaza nakipata, nikisema naogopa hawataniruhusu hata kukifuta vumbi. Na nina aibu kukiri kwamba bado naipenda ile sauti, sitaki ipotee. Nifanye nini?

Mimi mfuta vumbi, Buswelu

SHANGAZI HADIYA ANAJIBU

Marahaba, binti. Mtoto anayesoma kurasa mia moja na kumi na mbili kwa kamusi bila kutumwa na mwalimu ananifurahisha, na nimecheka mpaka chai imepoa. Sasa kaa vizuri nikugombeze.

Kuogopa kusimama mbele ya watu si kosa. Lakini kumwacha mama wa watu aamini mikono yake imekwisha, na wewe unajua ukweli, huko si kuona haya. Unakitaka kiti chake. Umeliandika mwenyewe, nami nakuheshimu kwa hilo, ila kulijua hakutoshi.

Usianze na Mzee Chenge. Aliyeumia ni Bibi, nenda nyumbani kwake. Hotuba haihitajiki: "Bibi, sauti ya Sadaka niliibadilisha mimi, mikono yako haina kosa." Maneno kumi. Hata mwenye haya anayamudu. Unadhani atakupiga? Mwanamke mwenye ulimi ule atacheka kabla hujamaliza.

Kisha nendeni wote kanisani. Rudisha Sadaka ya kiwandani, sina shaka kitabu chako kina ukurasa wa jambo hilo. Sauti yako ihifadhi kwenye nafasi tupu, na mara hii soma swali mpaka mwisho ndipo ubonyeze ndiyo.

Kuna kosa jingine ambalo hukuliandika kwa sababu hulioni. Ulitengeneza sauti ya vidole vyako peke yako. Mkalishe Bibi, apige kwa nguvu zake zote, nawe ushike vifundo, upunguze kidogo kidogo athari ya uzito wa kidole mpaka wimbi litulie na sauti ipumue chini ya mikono yake. Baada ya hapo mwombe akufundishe kupiga, na wote wawili mumwambie mwenyekiti kabla ya Jumapili.

Majina nimeyabadilisha, lakini wapiga kinanda waliosimamishwa Buswelu wiki hii si wengi, na majirani wa Bibi wanasoma gazeti. Asilisikie kwao. Vaa viatu.