Mtoto Asiyehesabu Shuleni

Mdogo wangu wa pekee,

Miwani uliyonitumia imefika salama. Sasa naona hata vumbi nililokuwa nimelisamehe.

Mtoto ambaye ustawi wa jamii walinipa nimlee ana miaka mitano, na hii ni chekechea yake ya tatu. Nyumbani anahesabu vidato vya ngazi za jengo letu, vyote sitini na vinne, bila kukosea. Shuleni hafungui kinywa, na mwalimu ameandika kwenye faili kuwa ni mzito wa kuelewa.

Nilipomuuliza sababu, alisema, "Bibi, kule kwa kwanza nilipofika ishirini walinihamisha. Na kule kwa pili pia."

Nikaenda mbio, na magoti yangu haya, kumweleza mwalimu. "Pole, Bibi, faili limeshapelekwa ustawi wa jamii," akasema. Jana barua ikaja: kwa kuwa mtoto haendelei kwangu, Jumatatu anapelekwa kwa mlezi mwingine.

Mimi na wewe tumehamahama tangu utotoni, nikadhani nimezoea. Nimepiga pasi nguo zake na kuzikunja. Nilipomwambia, hakulia. Aliniuliza tu, "Kwani nimetaja namba gani?"



Dada yako mkubwa