Chale za Mwamkulu

Jumatatu, 9 Agosti 1954
Baridi asubuhi. Upepo wa vumbi, moshi wa mbuga zinazochomwa. Nimetoka Kawajense kwa baiskeli na Salumu, dresa, mfunga vidonda wa zahanati yetu. Dawa ya ndui tumeibeba ndani ya mtungi mdogo uliozungushiwa kitambaa kilicholowa. Tukichelewa, joto linaiharibu. Mwamkulu tumepita nyumba kwa nyumba. Wengi wanasema wamekwisha kuchanjwa. Afadhali, kazi imepungua. Miguu inaniuma.

Jumatano, 11 Agosti
Joto mapema. Tumeitwa Mwamkulu. Masanja, mchuuzi wa samaki wakavu aliyerudi karibuni kutoka ziwani, ana ndui. Malengelenge usoni na viganjani. Jumatatu alitujibu kutoka kitandani kwamba amechanjwa. Homa yake tukadhani ni malaria.
Leo nimemfunua mkono. Bega ni laini, halina kovu la chanjo yetu. Chale anazo kifuani na juu ya nyusi. Za mganga.
Nilikaa chini pale pale. Tuliwauliza, mmechanjwa? Nao wakajibu ukweli. Kwao kuchanjwa ni kukatwa chale na kupakwa dawa ya mganga. Walikuwa wamejifunika mablanketi kwa baridi, nasi hatukumfunua mtu. Najichukia.
Salumu anasema kwa hesabu ile hata yeye, aliyechanjwa na kila shangazi, hana haja ya dawa yetu mpaka kiyama. Sikucheka.

Alhamisi, 12 Agosti
Upepo. Masanja amehamishiwa kibanda cha shambani. Mama yake peke yake ndiye anayemhudumia. Vyombo havitoki, nguo zinachemshwa.
Hatuulizi tena. Tunasema, onyesha bega. Karibu wote wamekubali, isipokuwa nyumba ya Masanja mwenyewe. Mkewe, Nyamizi, ana mtoto wa kunyonya. Mtoto huyo alilala kitanda kimoja na baba yake mwenye homa. Ndiye ninayemwogopea. Chanjo ikimwahi sasa, huenda akapona. Ikichelewa, basi.
Mama yake Masanja alisimama mlangoni.
"Huyu kachanjwa tangu arobaini yake. Nyie mnataka kumchanja mara ngapi?"
Nimebembeleza mpaka dawa ikaanza kupata joto. Nimerudi bure.

Ijumaa, 13 Agosti
Sikumbuki hali ya hewa. Tumekwenda tena. Bibi alikuwa anaanza maneno ya jana. Nyamizi akatoka ndani amembeba mtoto, amekwisha kumvua shati.
"Mama, ya kifuani anayo. Acha apate na ya bega."
Bibi akatupisha mlangoni. Nikamkwaruza mtoto begani na kutia dawa, akalia sana. Nikamchanja na Nyamizi. Bibi mwenyewe akakataa. Ngozi yake imezeeka, alisema, tusiipotezee dawa. Akachukua uji akaenda kwa mwanawe. Nilimfuata nusu ya njia nikimsihi. Hakugeuka.

Jumamosi, 21 Agosti
Bega la mtoto limetoa lengelenge moja, limebonyea katikati. Chanjo imeshika. Ya Nyamizi pia.
Masanja alizikwa jana. Walioruhusiwa kumbeba ni wenye kovu begani tu. Watu wamenuna, wanasema tumemnyima mazishi. Wana haki ya kununa. Nimechoka hata kuandika.

Ijumaa, 27 Agosti
Mawingu machache, upepo umetulia. Hakuna mgonjwa mpya leo.
Jana nilikwenda kumwona bibi. Ndui imemtoka tangu Jumanne. Yuko kwenye kibanda kile alimokuwa mwanawe. Anahudumiwa na jirani aliyeugua ugonjwa huu utotoni, kwa hiyo hauwezi kumpata tena. Macho yamevimba, hanioni. Alinijua kwa sauti. Aliniuliza kuhusu mjukuu tu. Nikamwambia hana homa, ananyonya, kigaga cha bega kinakauka. Akauliza mara ya pili, nikamjibu yale yale. Kisha akageukia ukutani.
Njiani Salumu hakufanya mzaha wowote. Nilifika nyumbani, sikupika, sikuvua viatu. Nililala saa kumi na moja jioni.