Chatu Ndani ya Stoo

Jumatatu, 14 Juni 1993

Nimekagua balbu ya chatu kabla ya kuwasha jiko la chai. Ndiyo maisha yangu sasa. Nyoka kwanza, uji wa Neema baadaye.

Sanduku liko stoo, ukuta mmoja na chumba ninacholala na mtoto. Upande wa kushoto balbu, imezungushiwa wavu asijiunguze. Kulia sufuria ya maji na matundu ya hewa, hakuna taa. Baba Neema alinirudia-rudia kabla hajapanda basi la Dar: usipashe sanduku lote. Joto huku, ubaridi kule, mwenyewe atachagua. Weka kiganja chini ya balbu. Ukishindwa kuvumilia, punguza, maana nyoka huungua bila kujua anaungua.

Nimeweka kiganja. Alikuwa kule kwenye maji, ananitazama. Nimeutoa mkono upesi, nikafunga komeo.

Jumanne, 15 Juni

Baridi kali. Chatu yuko chini ya balbu, hajisogezi. Alimeza kuku siku Baba Neema aliposafiri. Baridi ikimpiga, kuku ataozea tumboni naye atakufa. Akifa, kazi imekufa. Tangu Baba Neema apunguzwe kazi chama cha ushirika hatuna kingine, na cherehani yangu haitulishi. Mnunuzi wa Dar anataka nyoka hai mwenye afya, kibali kikishatoka. Siku hizi kila kitu ruksa, hata chatu kupanda ndege.

Mimi siogopi kazi kufa. Namwogopea Neema. Ndiyo kwanza anajifunza kukaa. Wanasema chatu hufuata joto. Balbu ikizimika, joto litakalobaki nyumba hii ni mwanangu. Nimeegemeza cherehani kwenye mlango wa stoo. Najua ni upuuzi. Nimeiacha hapo hapo.

Alhamisi, 17 Juni

Mama mkwe amefika kutoka kijijini kwao, Mpitimbi, juu ya lori la mahindi. Nikapiga magoti, shikamoo, kisha nikamwambia aliyemo stoo kabla hajaingia. Aliruka nyuma hadi uani. Halafu akacheka mpaka akajifuta machozi kwa khanga. Anamwita mke mwenzangu. "Mke mwenzio kawekewa umeme, wewe unapikia mkaa!" Nikacheka na mimi. Kumbe nilikuwa sijacheka siku nyingi.

Lakini stoo haingii. Akipita mlango ule anafanya ishara ya msalaba.

Ijumaa, 18 Juni

Umeme umekatika. Mungu wangu.

Nimefanya kama alivyoagiza Baba Neema. Dumu la maji ya moto, limeviringishiwa kitenge, upande wa kushoto. Linapoa upesi. Nachemsha, nabadilisha, nachemsha tena. Kila nikiingiza mkono roho inataka kutoka. Mchana chatu alijivuta taratibu akaliegemea dumu. Sikujua nyoka anaweza kuonekana yuko taabani.

Mama alisimama mbali akitazama, Neema mgongoni. Anasema tunachezea maji. Kwao mzazi akijifungua msimu wa baridi anawekewa jiko la mkaa chumbani, na joto linakaa. Nikamwambia hapana mama, atapata joto pande zote, hatakuwa na pa kukimbilia. Niliishia hapo. Zaidi ya hapo sikujua.

Jumapili, 20 Juni

Sijui nianzie wapi. Naandika hivyo hivyo.

Umeme ulikuwa bado. Nilikwenda misa, Neema nikamwacha kwa bibi yake. Niliporudi, kimya. Neema akisikia sauti yangu uani huwa analia anitake. Nikaita. Kimya.

Ndani, cherehani imesogezwa. Mlango wa stoo umefungwa. Nikawaza: ametoka, amemmeza mwanangu. Mungu nisamehe, hilo ndilo nililowaza.

Nilisukuma mlango. Ulikuwa mzito, umezibwa kwa kitenge chini. Joto likanipiga usoni. Katikati ya sakafu jiko limejaa mkaa, jekundu. Dirisha limefungwa, nyufa zimesokomezwa matambara. Mama amekaa chini, ameegemea ukuta, kichwa kimelala begani. Neema mgongoni kwake, shingo inaning'inia. Sanduku la chatu limefungwa. Komeo mahali pake.

Sikumbuki niliwavutaje. Nilimfungua Neema uani, laini kama unga uliokandwa. Nilimpuliza mdomoni. Nilimpiga nyayo. Nilimtukana, mtoto wangu mwenyewe, nilimtukana aamke. Nusu ya mtaa wetu wa Majengo ilijaa pale. Ndipo akatapika, akalia. Mama naye akatapika, akauliza ni kwa nani hapa.

Wako hospitali. Wazima wote wawili. Daktari anasema ni hewa ya mkaa, haina rangi wala harufu, ningechelewa kidogo tu. Sitaki kumalizia alichosema.

Jumatatu, 21 Juni

Wodini. Mama analia hanyamazi.

Anasema aliingia kuchungulia akamkuta chatu amejikunja, dumu limepoa. Akaona atakufa, na mwanawe atarudi akute kazi imekufa. Akamwonea huruma mwanawe. Mtoto hakuthubutu kumweka chini, kwa kumwogopa nyoka. Akambeba mgongoni wakae wote, wamlinde mpaka nirudi.

Mpitimbi nyumba yake ni ya nyasi, hewa ya jiko hupenya juu. Yetu ina dari na vioo. Hakuna aliyemwambia. Mimi nilimweleza habari za nyoka, nikasahau za watu.

Nilitaka kumkasirikia. Nimeshindwa. Nimemnywesha uji.

Chatu mzima. Alijisogeza upande wa kulia, pua kwenye matundu ya hewa. Namchukia.

Alhamisi, 24 Juni

Jana tuliruhusiwa hospitali. Leo Baba Neema amerudi, kibali mkononi, anaita kwa furaha tangu nje. Nikamweleza yote. Alikaa sakafuni kama mtu aliyekatwa miguu. Akamchukua Neema, akamshika mpaka mtoto akachoka akalia.

Jioni akasema kwa sauti ndogo kwamba mnunuzi anataka chatu wengine. Nikamwambia wakiingia wao, mimi na mtoto tunatoka, tunakwenda Mpitimbi na mama. Sijawahi kumjibu hivyo. Mama alikuwa anachambua maharage. Akasema, "Na mimi nitawabebea mizigo."

Jumapili, 27 Juni

Sanduku liliondoka jana na lori. Stoo nimeisugua kwa sabuni na majivu. Umeme umerudi, balbu nimeihamishia jikoni. Baba Neema amekwenda kuulizia kazi kwenye mashine ya kusaga.

Mama hajataka kurudi kwao. Tunalala naye kitanda kimoja, Neema katikati, dirisha wazi. Baridi inaingia yote na hakuna anayelalamika.

Kila nikizinduka napeleka kidole chini ya pua ya mtoto, nisikie kama anapumua. Jana nilipopeleka, nilikuta kidole cha mama kimeshatangulia.